Amplifaya ya Redio Kwenye Lori: Sheria ya Marekani Inasemaje

Redio ya CB, ambayo madereva wa malori Marekani huitumia kupashana habari za foleni, ajali na mizani, haihitaji leseni ya mtu binafsi. Anayeinunua ana ruhusa ya kuifunga na kuzungumza katika chaneli zake 40, kati ya megahezi 26.965 na 27.405, mradi afuate kanuni. Kanuni iliyo rahisi kuvunja ni ya nguvu: wati 4 kwa AM na FM, wati 12 kwa SSB, yaani urushaji wa ukanda mmoja wa pembeni. Amplifaya, yaani kifaa kinachowekwa kati ya redio na antena ili sauti ifike mbali, hairuhusiwi kabisa kwenye CB. Haijalishi inaongeza wati 10 au 1,000.

Katazo hili lina sababu. Amplifaya duni hutoa mawimbi nje ya chaneli iliyokusudiwa, hasa katika masafa yanayozidisha yale ya awali. Megahezi 27 ikizidishwa mara mbili ni 54, na hapo ndipo inapoanza chaneli ya 2 ya televisheni Marekani. Malalamiko ya televisheni kuingiliwa yalipozidi, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku mwaka 1978 uuzaji wa amplifaya za masafa hayo.

Muuzaji ndiye anayebanwa zaidi. Kutengeneza, kuingiza nchini, kutangaza, kukodisha au kuuza amplifaya inayofanya kazi chini ya megahezi 144 bila cheti cha FCC ni kosa, na FCC haitoi cheti kwa amplifaya inayokuza mawimbi ya kati ya megahezi 26 na 28. Hivyo hakuna amplifaya halali ya CB dukani, muuzaji aseme asemavyo. Njia inayotumiwa kukwepa ni kubandika lebo ya “mita 10”, jina la masafa ya redio za ridhaa yanayoanzia megahezi 28, jirani kabisa na CB. Lebo hiyo haimwokoi muuzaji wala mnunuzi, kwani kinachoangaliwa ni uwezo wa kifaa chenyewe.

Wenye leseni ya redio ya ridhaa wana nafasi yao. Leseni hupatikana kwa mtihani, na kwa daraja linalofaa mhusika anaweza kutumia hadi wati 1,500 katika masafa mengi aliyopangiwa. Anaweza pia kujitengenezea amplifaya kwa ajili ya kituo chake. Leseni hiyo, hata hivyo, haivuki mpaka: akirudi kwenye chaneli za CB, anabanwa na viwango vya nguvu vya CB kama dereva mwingine yeyote.

Je, kuwa na amplifaya iliyozimwa chini ya kiti ni kosa? Jambo hili huwachanganya wengi. FCC huchukulia kwamba mtu ameitumia ikiwa iko mikononi mwake au kwenye eneo lake, na pia kuna ushahidi mwingine kwamba alirusha mawimbi kwa nguvu iliyozidi kiwango. Mambo yote mawili yanahitajika, lakini ushahidi wa pili si mgumu kupatikana kwa wakaguzi wenye vipimo. Anayevunja Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili, na vifaa vyake vinaweza kutaifishwa. Mkaguzi wa FCC akiomba kuikagua redio ya CB, mwenye redio anatakiwa kumruhusu.

Polisi wa jimbo au wa mji wana mamlaka finyu zaidi. Tangu Novemba 2000 sheria ya shirikisho inayaruhusu majimbo na miji kutunga sheria zao za kutekeleza kanuni za CB. Mahali ambapo sheria hiyo haikutungwa, suala linabaki kwa FCC. Kwa lori la biashara kuna kinga ya ziada, na madereva wanapaswa kuijua: jimbo haliwezi kutekeleza sheria hiyo dhidi ya redio ya lori bila sababu ya msingi ya kuamini kwamba lori au dereva amekiuka kanuni. Redio iliyofungwa ndani ya lori si kosa, kwa hiyo kuiona tu hakutoshi.

Aliyeathiriwa na uamuzi wa jimbo au mji anaweza kukata rufaa FCC kwa hoja kwamba sheria iliyotumika imevuka mamlaka yaliyotolewa na shirikisho. Rufaa hupelekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi uwe wa mwisho, na FCC inatakiwa kuiamua ndani ya siku 180.