Tangazo la halmashauri: namna ninavyolifikisha kwa majirani

Mji mdogo hauna gazeti lake. Una ubao nje ya ofisi ya mtendaji wa kata, una gari la matangazo linalopita mbio hadi aliye dukani akasikia "wananchi wote mnatangaziwa" na "tangazo hili limetolewa na" bila lililo katikati, na una makundi ya WhatsApp ambamo taarifa ya kukatika kwa maji hufukiwa na video za harusi kabla hata watu hawajajaza ndoo. Kwa miaka kadhaa sasa nimejipa kazi ya kukusanya matangazo ya mji wetu, hapa kando ya reli ya kati, na kuyaandika upya kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyenituma na sina posho. Kwa kuwa watu wa miji mingine wananiuliza naifanyaje, naeleza.

Anza kwa kujua nani anatangaza nini. Wengi wetu tukiona nembo ya taifa juu ya karatasi tunasema ni "ya serikali", kisha tunakwenda kumgombeza mtendaji ambaye hata yeye kaiona asubuhi hiyo hiyo. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ya vijijini ni ya RUWASA, iliyotokana na sheria ya 2019, na miji mingi ina mamlaka yake ya maji. Umeme ni TANESCO. Leseni za biashara, ushuru wa soko, usafi na vibali vya ujenzi ndivyo vya halmashauri. Ninapoandika ujumbe kwa majirani, jina la ofisi inayohusika linatangulia, maana nusu ya malalamiko ya mji huu hufia kwenye mlango usio wake.

Sisi ni mamlaka ya mji mdogo. Hatuna mitaa, tuna vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji ndio wanaokaa kwenye baraza letu dogo. Halmashauri yenyewe ni ya wilaya na makao yake makuu ni mwendo wa basi. Hilo si jambo la kitabuni tu: karatasi hubandikwa kwenye ubao wa wilaya, halafu nakala yetu huja na gari lolote litakalokuwa na safari ya huku. Siku za maombi zinahesabiwa kuanzia pale ilipobandikwa kwanza. Ndiyo maana sitegemei ubao wetu peke yake. Natazama ukurasa wa matangazo kwenye tovuti ya halmashauri, na kila nikipita wilayani nasalimia masjala. Mwenyekiti anajua siasa za mji, ila mtu wa masjala ndiye anayejua karatasi gani imetoka na gani bado inasubiri sahihi.

Ukilipata tangazo, lisome kuanzia chini. Chini ndiko kwenye sahihi, cheo, muhuri na tarehe. Kisha panda juu kutafuta kumbukumbu namba, na mwisho ndipo usome maneno ya katikati. Usomaji huo umeniepusha na mengi, kwa sababu matangazo yetu yanaandikwa kama barua ya ofisi kwa ofisi. Aya ya kwanza inasema "husika na kichwa cha habari hapo juu", ya pili inataja sheria na kanuni, na lile ambalo mama wa vitumbua anapaswa kulifanya kabla ya Ijumaa limejificha kwenye aya ya nne, katikati ya sentensi.

Nikiandika upya natafuta mambo manne: linamhusu nani, mwisho lini, aende wapi, aende na nini. Chukua mfano wa mikopo ya asilimia 10. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na watu wengi walikuwa bado wanaamini imefutwa. Tangazo lake linaweza kujaza kurasa mbili. Ujumbe wangu huwa wa namna hii: "HALMASHAURI. Vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu: maombi ya mkopo usio na riba yamefunguliwa. Mwisho Ijumaa saa 9:30 alasiri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na cheti cha usajili, katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao. Tangazo lenyewe liko kwenye picha." Hiyo saa 9:30 naiandika makusudi. Karatasi husema "tarehe ya mwisho" tu, na mtu anayetoka shamba anahesabu siku mpaka jua litue, wakati ofisi imeshafungwa.

Picha ya tangazo zima lazima iambatane na ujumbe. Mimi si halmashauri. Anayetaka kuhakiki maneno yangu awe na pa kuhakikia, na nikiulizwa jambo ambalo halimo kwenye karatasi najibu "halijasemwa" na kumwelekeza ofisini. Kishawishi cha kujazia ni kikubwa, hasa watu wakishakuzoea na kuanza kukuita mheshimiwa.

Kazi ngumu zaidi niliyowahi kuona kwa tangazo moja ilikuwa ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Uandikishaji ulikuwa wa siku chache, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Karatasi ilieleza kila kitu kwa usahihi: daftari, kituo, umri, ukaazi. Isipokuwa haikujibu swali ambalo mji mzima ulikuwa nalo. Mama mmoja wa gengeni alinisimamisha akiwa na fungu la mchicha mkononi: "Mwanangu, mimi kadi ya kura ninayo kabatini, hawa wananiandikisha mara ya pili kwa nini?" Ilikuwa hivi: kadi yake ilitokana na daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji ulisimamiwa na TAMISEMI kwa daftari jingine kabisa, linaloandikwa pale pale kitongojini. Nikaandika kwenye karatasi kwa maandishi makubwa: "Hata kama una kadi ya mpiga kura, nenda ukajiandikishe kitongojini kwako. Mwisho Jumapili tarehe 20." Nikaibandika kwenye mashine ya kusaga. Pale watu husubiri unga wao wakiwa hawana la kufanya, nao husoma hata bei ya mafuta ya mashine. Ubao wa kata haujawahi kupata wasomaji wa namna ile.

Msimu wa uchaguzi naandika tarehe, vituo na taratibu tu. Wagombea nawaacha kwa wenye bendera zao.

Kuna matangazo ya kughushi pia, na mengi huja na ajira za muda. Nembo imenakiliwa, muhuri umefifia kwa namna ya kutia shaka, na mwishoni kuna namba ya simu ya kutumia "ada ya fomu". Hapo sihitaji uchunguzi wa ziada. Malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na hakuna ofisi ya umma inayopokea ada kwenye simu ya mtu binafsi. Tovuti za serikali huishia na go.tz. Tangazo likiwa na anwani ya aina nyingine, naliacha hadi nimuulize mtu wa ofisini uso kwa uso.

Zipo taarifa ambazo hazibandikwi popote, hasa mapato na matumizi. Kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo ndimo hesabu husomwa, tena kwa haraka ya ajabu. Nenda na daftari. Ukikosa unachokitaka, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayomruhusu raia kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ofisi moja niliyoiandikia iliniambia barua haionekani. Tangu hapo napeleka nakala mbili, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa na narudi nayo nyumbani.

Bado kuna jambo ambalo karatasi za ubaoni haziwezi kukusaidia. Zinapobandikwa, uamuzi mwingi umeshafanyika. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini ikifika Aprili, Bunge likiwa Dodoma kwenye kikao cha bajeti, mapendekezo ya halmashauri yako yameshapita kwa madiwani. Anayetaka kalavati kwenye kitongoji chake aseme kwenye mikutano ya mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia. Aprili hiyo hiyo ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwekwa wazi, na moja ni ya serikali za mitaa. Itafute halmashauri yako humo kabla ya kikao kingine cha baraza la madiwani, ambako mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza.

Kwa hiyo karatasi zilizopitwa na wakati sizitupi. Nazipanga kwenye faili kwa miezi. Mambo ya halmashauri hujirudia, na tangazo la leseni la mwaka jana linaniambia wiki gani nianze kuwakumbusha wenye maduka, karatasi mpya ikiwa bado iko njiani na gari la wilaya.