Kikohozi baada ya kuhama sigara kwenda vepu

SWALI: Mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi, kisha akahamia vepu, na miezi miwili baadaye bado anakohoa na kubanwa kifua, je, mapafu yake yanapona au yanazidi kuumia?

JIBU: Yote mawili yanaweza kutokea kwa pamoja. Lipi linazidi hutegemea mambo matatu: kama sigara imeachwa kabisa, muda uliopita tangu iachwe, na kinachovutwa badala yake.

Madhara makubwa ya sigara kwenye mapafu yanatokana na kuungua kwa tumbaku. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo husababisha saratani. Lami huganda kwenye mirija ya hewa, na kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, haichomi tumbaku. Betri hupasha moto waya mdogo uitwao koili, uliogusana na utambi wa pamba uliolowa kimiminika chenye propilini glikoli, glisirini, vionjo na, mara nyingi, nikotini. Kimiminika hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaovutwa.

Kwa hiyo anayeacha sigara kabisa akabaki na vepu peke yake huepukana na lami, kaboni monoksidi na sehemu kubwa ya sumu za moshi. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa cha Uingereza, Royal College of Physicians, kilikadiria kwamba madhara ya muda mrefu ya mvuke huo hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya madhara ya sigara. Hayo yalikuwa makadirio ya wataalamu, si hesabu ya wagonjwa waliofuatiliwa maisha yao yote. Vepu ya kisasa ilibuniwa China mwaka 2003, ilhali saratani ya mapafu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Madhara kupungua si sawa na madhara kutokuwepo.

Kikohozi cha wiki za mwanzo mara nyingi ni dalili ya kupona. Mirija ya hewa imetandazwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufanya kazi ya ufagio: husukuma ute wenye vumbi na vijidudu kuelekea kooni ili utemwe au umezwe. Moshi wa sigara huvilemaza. Sigara ikikoma, vinyweleo huanza kufanya kazi upya, na ute uliotuama kwa muda mrefu hupanda juu. Ndiyo maana baadhi ya watu hukohoa zaidi na kutoa makohozi mengi mara tu baada ya kuacha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), utendaji wa mapafu huanza kuboreka kati ya wiki 2 na 12, na kikohozi pamoja na kuishiwa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na miezi 9. Kikohozi cha namna hii hulegea kadiri siku zinavyokwenda, wala hakiji na homa au kukonda. Anayerudia sigara huenda akaona kifua kimetulia, lakini utulivu huo ni wa vinyweleo vilivyolemazwa tena.

Kikohozi kinacholetwa na vepu yenyewe kina sura nyingine. Aghalabu ni kikavu, huja punde baada ya kuvuta, koo huwasha na mdomo hukauka. Propilini glikoli hunyonya maji, hivyo hukausha koo, na nikotini ikizidi hukereketa. Umoja wa Ulaya na Uingereza zinaruhusu nikotini isiyozidi miligramu 20 kwa mililita moja ya kimiminika, lakini bidhaa za masoko mengine huvuka kiwango hicho.

Kifaa nacho kina hila zake. Kimiminika kikipungua na utambi ukakauka, koili hupata joto kupita kiasi, pamba huungua, na mvutaji hupata ladha kali ya kitu kilichoungua. Joto hilo huzalisha fomaldehaidi na akrolini. Akrolini ndiyo hiyo hiyo inayowasha macho na koo mafuta ya kupikia yanapoungua kikaangoni. Koili pia inaweza kuachia nikeli, kromiamu na risasi ndani ya mvuke. Mwenye pumu ana sababu zaidi ya kujihadhari, kwa kuwa mvuke unaweza kubana mirija yake hadi kifua kikapiga miluzi.

Kionjo kuwa salama tumboni hakukifanyi kiwe salama mapafuni. Diasetili, inayoleta ladha ya siagi, huliwa bila shida. Lakini mwaka 2000 waligunduliwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, ambao mirija yao midogo kabisa ya hewa ilikuwa imezibwa na makovu yasiyofutika, na uchunguzi uliofuata ukakihusisha kisa hicho na mvuke wa vionjo vya siagi kiwandani humo. Diasetili imewahi kukutwa pia katika baadhi ya vimiminika vya vepu, na Uingereza imeipiga marufuku humo.

Hatari kubwa zaidi ilionekana Marekani mwaka 2019, ulipozuka ugonjwa mkali wa mapafu uliopewa jina la EVALI. Hadi Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye THC, kilevi cha bangi, vilivyonunuliwa kwa watu binafsi au mitaani. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa humo, ambayo yalikutwa katika majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliopimwa. Kisa hicho hakihusu kila vepu, lakini kinaonyesha hatari ya kuvuta kimiminika kisichojulikana kimetengenezwa na nani wala kimetiwa nini.

Kuna pia wanaovuta vepu mchana kazini na sigara jioni. Hao wanaendelea kuyapa mapafu moshi, na faida ya kuhama inapotea kwa kiasi kikubwa. Kupunguza sigara kutoka 20 hadi 5 kwa siku si kuacha.

Katika Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kuzingatia. Sigara huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu, na kikohozi cha kifua kikuu hujificha kwa urahisi nyuma ya kisingizio cha vepu. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kinastahili kupimwa makohozi katika kituo cha afya, hasa kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito. Anayekohoa damu, anayeishiwa pumzi akiwa amekaa, au mwenye maumivu makali ya kifua asisubiri wiki mbili. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari anapaswa kuambiwa miaka ya kuvuta sigara, idadi ya sigara kwa siku, aina ya vepu na kiasi cha nikotini, na kama bangi imewahi kupitishwa humo. Kuficha hili la mwisho kunaweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyo sahihi. Mbali na makohozi, kuna eksirei ya kifua na kipimo cha spirometri, ambapo mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye mrija ili ijulikane kama njia za hewa zimebana.

Hatua ya mwisho ni kuiacha vepu yenyewe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watu 886, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa nyingine za nikotini. Hata hivyo, katika hao waliofanikiwa kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia. Kinachosaidia ni kushusha kiwango cha nikotini hatua kwa hatua na kurefusha muda kati ya kuvuta mara moja na nyingine, ila si kwa haraka ya kumrudisha mtu kwenye sigara. Chingamu na vibandiko vya nikotini, vilivyomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, huipa damu nikotini bila kupitisha chochote mapafuni. Asiyewahi kuvuta sigara hana faida yoyote ya kiafya anayoipata kwa kuanza vepu.