Kaka anasafishwa damu. Je, na mimi nitafika huko?

SWALI: Nina miaka 47, na huu ni mwaka wa saba nina kisukari cha aina ya pili. Mama alipofuka kwa kisukari, na sasa kaka yangu anasafishwa damu. Je, tumerithi? Naweza kupimwa vinasaba? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana dada, kwako na kwa kaka. Hofu yako ina msingi. Mgonjwa wa kisukari ambaye ndugu yake wa tumbo moja ameharibikiwa figo yuko hatarini kuliko yule ambaye ndugu zake wamesalimika, na kwa macho ni vivyo hivyo.

Ila hakuna kinasaba kimoja kinachoamua. Ni vingi, na kila kimoja kina mchango mdogo. Kinachotajwa sana kwetu Waafrika ni APOL1. Mwaka 2010 watafiti walibaini kuwa aina zake mbili huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyezirithi kwa baba na kwa mama. Zilienea kwa sababu humkinga mtu na vimelea vya malale, na zimejaa zaidi Afrika Magharibi. Hata hivyo, wengi waliozirithi figo zao hazifeli kamwe.

Kwa hiyo usihangaike na kipimo cha vinasaba. Pima mkojo. Na usiseme tu "nipimwe mkojo", maana kile kijiti cha kawaida hukosa protini ikiwa bado kidogo. Omba kipimo cha albumini, kila mwaka. Figo huanza kuvujisha protini hiyo mapema, mguu haujavimba, na hata kipimo cha kreatinini ya damu kikisoma vizuri. Wakati huo dawa bado zinaweza kuchelewesha uharibifu kwa miaka mingi. Kaka yako alistahili kuambiwa hivi mapema.

Macho nayo yakaguliwe kila mwaka, hata kama unasoma bila miwani. Utatiwa matone ya kupanua mboni ili daktari aione retina. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Presha pia usiiache. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina yako waliobanwa zaidi kwenye presha walipata madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 37 pungufu kuliko wenzao. Nao walikuwa na vinasaba vyao vile vile walivyozaliwa navyo.

Siku ya kliniki, mweleze daktari habari za mama na kaka kabla hajakuuliza. Na wadogo zako ambao hawajapimwa sukari, wapeleke.