Mwanao Ajue Kupika Chakula cha Jioni

Somo la familia. Soma nyumbani kabla ya ushirika: Kumbukumbu la Torati 6:6-7; 2 Wafalme 4:38-41; Yohana 21:9-13.

Wiki hii somo letu linaingia jikoni, na msishangae. Hebu tuulizane swali moja la ukweli. Leo jioni mama akichelewa, matatu imekwama kwenye foleni, baba naye yuko safarini, watoto watakula nini? Katika nyumba zetu nyingi jibu ni mkate na chai, ama jirani apigiwe simu. Na si ati ni watoto wadogo. Kuna wa Gredi ya 7, kuna wa sekondari. Simu ya baba wanaijua kuliko baba mwenyewe, lakini mwiko wa ugali hawajaushika.

Wengine wetu tunadhani tumeshawafundisha. Lete kitunguu. Osha nyanya. Angalia maziwa yasimwagike. Huko ni kutuma, mzazi mwenzangu. Mtoto anaweza kutumwa miaka mitano na bado asijue chakula kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kufundisha ni kumpa chakula kizima akishike yeye, kuanzia maji ya kwanza mpaka sahani ya mwisho, na wewe umesimama kando yake.

Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawaagiza wazazi waongee na watoto wao Neno la Mungu wakiwa wameketi nyumbani na wakitembea njiani. Hakuwaachia walimu wa Sunday school peke yao. Sasa niambie, ni wapi pengine nyumbani kwako unapata dakika arobaini na mtoto, mikono yake ikiwa na kazi na televisheni ikiwa mbali? Mtoto anayechambua sukuma husema mambo ambayo ukimkalisha kwenye kiti na kumuuliza hatayasema.

Na wavulana wamo. Najua kuna jamii zetu ambamo mwanamume hakanyagi jikoni, na wazee wetu walikuwa na sababu zao. Lakini soma Yohana 21. Bwana wetu amefufuka, na wanafunzi saba wametoka ziwani asubuhi wakiwa wamechoka. Wanamkuta ufuoni na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliwaandalia yeye mwenyewe. Kama Mfalme wa wafalme aliweza kukaa karibu na makaa, kijana wako atapungukiwa nini? Kesho anaenda chuo, anapanga chumba, na pesa zote zinaishia kibandani na kwa muuza chips. Keshokutwa ameoa, mke amejifungua, na hajui hata kumpikia uji.

Sasa tuje kwa 2 Wafalme 4. Kulikuwa na njaa Gilgali. Elisha akaagiza sufuria kubwa iwekwe motoni. Mtu mmoja akaenda shambani, akaokota matunda ya mtango mwitu, akayakatakata na kuyatia ndani bila kuyajua. Walipoonja, wakapiga kelele kwamba sufuria ina kifo. Angalieni, mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na bidii, ila hakufundishwa kutambua. Mungu akaiponya sufuria ile kwa mkono wa nabii, lakini hatuwezi kuacha kuwafundisha watoto tukitegemea muujiza kila jioni.

Sisi Wakenya tumeliona jambo hili. Mwaka 2004 kule Ukambani, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Kwa hiyo somo la kwanza la mapishi halihitaji moto. Mmwagie mtoto mahindi kwenye ungo, mwonyeshe punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, yenye ukungu. Afungue pakiti ya unga ainuse. Ukinuka uvundo, usipikwe, hata kama ni mwisho wa mwezi. Maharagwe pia: yachemke sawasawa mpaka yaive kabisa, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya.

Chagueni chakula kimoja tu cha kuanzia. Mimi napendekeza ugali, sukuma wiki na mayai, kwa sababu vinapatikana na haviko ghali sana. Mtoto wa miaka 10 hivi anaweza, ukiwa karibu. Mdogo zaidi achambue na kuosha tu. Sukuma ioshwe kabla ya kukatwa, kisha kitunguu, nyanya ziive mpaka zilainike, ndipo mboga iingie kwa dakika chache, isigeuke nyasi kavu. Ugali ndio kazi. Kwa watu wanne, maji vikombe vinne yachemke kwelikweli, unga vikombe vitatu hivi, na mwingine ukae karibu wa kuongezea. Aupunguze moto kabla ya kusonga, kwa sababu uji mzito huruka na kuchoma mkono. Sufuria ishikwe imara kwa kitambaa kikavu. Kilicholowa hupitisha joto haraka. Mkono wa mtoto ukichoka, mpokee kidogo kisha umrudishie mwiko. Usimnyang'anye moja kwa moja. Hapo ndipo wamama wengi tunaharibu somo: tuna haraka, tunachukua mwiko, na mtoto anarudi sebuleni.

Moto nao ufundishwe kama unavyofundisha kuvuka barabara. Kwa gesi, kiberiti kiwashwe kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Akisikia harufu ya gesi, asiwashe chochote, asiguse swichi ya stima, afunge mtungi kama anaweza, afungue madirisha na mlango, atoke na wadogo zake. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, afunike kwa kifuniko na kuzima jiko. Maji asimwage kamwe. Stovu ya mafuta taa haijazwi ikiwa inawaka. Jiko la makaa haliingizwi kulala nalo ndani ya nyumba, hata kwa baridi ya Julai, kwa sababu moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Na akiungua, mkono uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Kidonda kikiwa kikubwa, hospitali. Tuombee, ndiyo, tukiwa njiani kwenda.

Lakini kuna jambo lazima lisemwe, hata kama litauma. Kuna nyumba zetu za waumini ambamo msichana wa miaka 11 hupika kila siku, anaosha vyombo saa nne usiku, kazi ya shule haijaguswa, na kaka yake amenyoosha miguu kwenye kochi. Na msichana wa kazi, ambaye naye ni mtoto wa mtu, tunamwita mvivu. Huko si kulea mtoto katika njia impasayo. Ni kumtwika. Ukitaka kujua tofauti, jiulize maswali mawili. Je, wewe ulikuwa jikoni naye? Na je, watoto wote wa nyumba hiyo wana zamu?

Kwa hiyo wiki hii, kila familia ichague jioni moja. Ijumaa inafaa, kesho yake hakuna shule. Mtoto atangaze chakula mapema, mwende sokoni pamoja ashike pesa yeye, ahesabu chenji. Ugali ukitoka na mabonge, uliwe. Chumvi ikizidi, maji yapo. Wababa, siku hiyo msije mkasema mmekula kazini. Aliyepika ndiye aombee chakula, na asiyepika ndiye aoshe sufuria, pamoja na ile ya ugali iliyoshika ukoko. Jumatano kwenye ushirika mtuambie mlipika nini, na ni nani aliyeosha.