Fidia si Hisani
Kijitabu kwa abiria wa ndege kati ya Ulaya na Afrika Mashariki

Ndege ikichelewa saa tano, abiria hupewa samahani, chupa ya maji na tangazo fupi kwenye kipaza sauti: kuna hitilafu ya kiufundi. Wengi huyapokea maneno hayo kama hukumu. Chombo kimeharibika, nani wa kulaumiwa? Hufika waendako wamechoka, hushukuru kwamba wamefika salama, na jambo huishia hapo. Kijitabu hiki kinasema lisiishie hapo. Kwa safari nyingi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, sheria imekwishaupangia bei muda uliopotea, na bei hiyo hulipwa na shirika la ndege bila abiria kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyefanya kosa. Shirika ndilo linalopaswa kuthibitisha kwamba halikuwa na namna. Aliyelielewa jambo hilo moja ameelewa karibu yote yanayofuata. Asiyelielewa huiacha haki yake pale pale kaunta.

Nani analindwa, na kwa kiasi gani

Sheria yenyewe ni Kanuni Na. 261/2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 17 Februari 2005. Inamhusu kila abiria anayeondoka katika uwanja wa ndege wa nchi za Umoja huo, kwa ndege ya shirika lolote, na pia anayetoka nje kwenda huko iwapo ndege ni ya shirika la Ulaya. Uraia hauulizwi. Mtanzania anayetoka Paris kwenda Nairobi kwa Kenya Airways analindwa sawa na Mfaransa aliyeketi kando yake, na anayetoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam kwa KLM analindwa vilevile. Réunion na Mayotte, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo chini ya Ufaransa, navyo vimo. Lakini anayetoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt kwa shirika la Ethiopia, Uturuki au Ghuba hayumo, hata kama tiketi yake ya kwenda na kurudi ilianzia Ulaya. Mwaka 2008, katika shauri lililohusu Emirates, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili, kila moja ipimwe peke yake. Uingereza ilipojitoa katika Umoja iliibakiza sheria hii katika vitabu vyake, malipo yakiwa kwa pauni.

Kiasi cha fidia hufuata umbali, si nauli: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa safari ya kati, na euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inayotoka au kuingia Ulaya. Kutoka bara Ulaya hadi Nairobi, Entebbe, Kigali, Dar es Salaam au Zanzibar ni zaidi ya kilomita 3,500, kwa hiyo kiwango ni euro 600, na kwa safari zilizo chini ya sheria ya Uingereza ni pauni 520. Ukifika ukiwa umechelewa kati ya saa tatu na nne katika safari ndefu kama hizo, shirika linaweza kukata nusu. Safari ikifutwa, fidia hailipwi ikiwa ulijulishwa angalau siku 14 kabla, au ikiwa ulijulishwa baadaye lakini ukapewa ndege nyingine ya saa zinazokaribiana sana na za awali.

Maandishi ya Kanuni yalitaja fidia kwa safari iliyofutwa, si kwa iliyochelewa. Ni Mahakama iliyoongeza ucheleweshaji, katika hukumu ya Sturgeon ya Novemba 2009, kwa hoja nyepesi kueleweka: aliyefika saa tatu au zaidi baada ya wakati amepoteza kitu kile kile alichopoteza aliyefutiwa safari, nacho ni muda. Muda huo hupimwa mwisho wa safari, tena mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi. Katika shauri la Folkerts la 2013, abiria aliondoka Bremen akiwa amechelewa takriban saa mbili na nusu tu, akakosa ndege ya kuunganisha, akafika Asunción saa 11 baada ya wakati wake. Mahakama ilihesabu zile 11. Mwenye tiketi moja ya Berlin hadi Zanzibar kupitia Nairobi afanye hesabu hiyo hiyo.

Kwa nini “hitilafu ya kiufundi” si jibu

Shirika huepuka kulipa likithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba chanzo kilikuwa tukio lisilo la kawaida, na kwamba tukio hilo lisingeepukika hata kama hatua zote za busara zingechukuliwa. Kipimo cha Mahakama tangu hukumu ya Wallentin-Hermann ya 2008 ni hiki: je, chanzo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya kuendesha ndege, na je, kiko ndani ya uwezo wa shirika? Vyombo huharibika, kuvikagua na kuvitengeneza ndiyo kazi yenyewe. Mfano ulio karibu na sisi ni wa abiria aliyetoka Quito, mji mkuu wa Ecuador, kwenda Amsterdam kwa KLM, akafika na ucheleweshaji wa saa 29. Shirika lilieleza kwamba vipuri viliharibika ghafla, kabla ya muda wake wa kawaida wa kudumu. Septemba 2015 Mahakama ilisema hata uharibifu wa ghafla wa namna hiyo ni wa kazi ya shirika. Badilisha Quito kwa Kilimanjaro, na sheria inabaki ile ile.

Mstari haukuchorwa kwa upendeleo wa abiria kila mara. Ndege ikigongana na ndege wa porini, au tairi ikichomwa na skrubu iliyodondoka kwenye njia ya kurukia, Mahakama imekubali kwamba hayo yanatoka nje ya shirika. Dhoruba, na amri za waongoza ndege, kwa kawaida huingia humo. Kwa upande wa pili, mgomo wa marubani wa shirika lenyewe ulihesabiwa mwaka 2021 kuwa sehemu ya uendeshaji, na mwaka 2023 Mahakama ilisema hivyo hivyo juu ya safari iliyofutwa baada ya rubani msaidizi kukutwa amefariki hotelini. Hakuna aliyemlaumu mtu kwa kifo hicho. Hapo ndipo sheria inapoonekana waziwazi: fidia haitafuti mkosaji. Inauliza nani kati ya wawili, abiria mwenye begi mkononi au shirika lenye marubani wa akiba, ghala la vipuri na ratiba, angeweza kujiandaa.

Huduma ni deni jingine

Wengi huchanganya fidia na huduma, na mkanganyiko huo huwagharimu. Fidia hufutika tukio likiwa nje ya uwezo wa shirika, huduma haifutiki. Katika safari ndefu, ndege ikichelewa kuondoka saa nne au zaidi shirika lina wajibu wa kutoa chakula na vinywaji, na ikibidi kulala, hoteli na usafiri wa kwenda huko na kurudi. Safari ikifutwa, uchague kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya Aprili 2010, abiria mmoja wa Ryanair alikwama Faro, Ureno, kwa wiki nzima, akatumia karibu euro 1,130. Mwaka 2013 Mahakama ilisema wajibu wa kumhudumia haukuwa na ukomo wa siku wala wa fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama: je, tishio la kulipa halitawasukuma wenye mashirika kurusha chombo kibovu? Hofu hiyo isidharauliwe. Lakini kanuni za usalama, zenye wakaguzi na leseni zake, ndizo zinazoamua kama ndege iruke. Fidia huamua jambo jingine: nani abebe gharama ya kusubiri. Shirika lenye chombo cha akiba hulipa kidogo na haligusi usalama. Pingamizi la pili ni kwamba fidia huingizwa katika nauli. Huenda ni kweli kwa kiasi fulani. Basi abiria asiyedai amekwishalipia kinga ambayo haitumii. La tatu ni kwamba fidia yaweza kuzidi bei ya tiketi. Huzidi, kwa sababu haikuwekwa kurudisha nauli. Mahakama ilipojibu malalamiko ya mashirika mwaka 2006 ilitenganisha hasara ambayo karibu kila abiria huipata sawa, isiyohitaji risiti, na hasara ya mtu mmoja mmoja, ambayo lazima ithibitishwe.

Hasara hiyo ya pili ndiyo inayosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia. Kwa asiyelindwa na sheria ya Ulaya, kama yule wa Dar es Salaam hadi Frankfurt, hapo ndipo pa kuegemea. Mkataba hautoi kiasi maalumu. Hulipa hasara uliyoithibitisha, hadi kikomo cha SDR 6,303 tangu mwisho wa Desemba 2024, SDR ikiwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Humo nako shirika hujinasua tu likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua ya busara. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Namna ya kudai

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi tiketi, pasi ya kupandia ndege, risiti za chakula na hoteli, na saa mlango ulipofunguliwa. Liandikie shirika lililorusha ndege, si wakala aliyekuuzia tiketi. Taja namba ya safari, tarehe, Kanuni Na. 261/2004 na kiasi unachodai, kisha omba chanzo halisi kwa maandishi. Vocha hailazimishwi: fidia ni fedha taslimu au ya benki, isipokuwa umekubali vingine kwa saini yako. Mwajiri akilipa tiketi, fidia hubaki ya aliyesafiri. Kampuni za kudai kwa niaba yako hukata sehemu ya fedha, hivyo andika mwenyewe kwanza. Ukikataliwa, peleka lalamiko kwa mamlaka ya usimamizi ya nchi ya Ulaya ulikoondokea, au ulikofikia ikiwa ulitoka nje, au nenda mahakamani. Muda wa kushtaki hutofautiana: Uholanzi ni miaka 2, Ufaransa 5, England 6.

Hakikisha pia kiwango kinachotumika siku ya safari yako. Juni 2025 mawaziri wa nchi za Umoja walikubaliana msimamo wa kuongeza saa za kusubiri hadi nne, na sita kwa safari ndefu, kabla ya fidia kudaiwa. Saa zikibadilika au zisibadilike, ukijibiwa kwamba chombo kiliharibika, usikae kimya. Andika tena na uulize swali moja: ni nini hasa kilichoharibika, na mlifanya nini kuzuia uharibifu huo? Sheria imelikabidhi shirika kazi ya kulijibu.