Flashi Iondoke Juu ya Kamera: Maswali ya Wapiga Picha wa Bujumbura

Kila Jumamosi, kutoka Buyenzi hadi Kinindo, kumbi za Bujumbura huwa na harusi, na vijana wengi sasa hufika na triga za kuwasha flashi bila waya. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza mara kwa mara.

Flashi yangu inawaka vizuri juu ya kamera. Kwa nini nihangaike na triga?

Kwa ajili ya nyuso. Mwanga unaotoka palepale lenzi ilipo humpiga mtu usoni moja kwa moja: mashavu huwa bapa, jasho la kipaji hung'aa, na ukuta wa nyuma hupata kivuli cheusi. Ngozi yetu nyeusi hupendeza mwanga unapotoka ubavuni, ukateleza juu ya shavu na kuacha upande wa pili na kina chake. Bibi harusi aliyevaa imvutano anataka mikunjo ya kile kitambaa ionekane. Flashi ya mbele huifuta yote. Isimamishe kwenye stendi, hatua tatu kushoto kwako, juu kidogo ya kichwa chake, na mwanga upite kwenye mwavuli mweupe. Kazi ya triga ni moja tu: kuiambia flashi iwake sasa. Uzuri wa mwanga unatokana na mahali ulipoiweka.

Nina flashi inayowaka ikiona mwako wa flashi nyingine. Haitoshi?

Chumbani penye kuta nyeupe, inatosha. Juani hushindwa kuona mwako, na harusini huwashwa na flashi ya kila jirani. Triga ya redio haihitaji kuona chochote.

Picha zangu hutoka na mkanda mweusi. Triga ni mbovu?

Kwa kawaida hapana. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili. Hadi kasi ya 1/200, au 1/250 kwa baadhi ya kamera, kuna wakati mfupi ambapo la kwanza limeshafunguka lote na la pili halijaanza kufunga. Hapo ndipo flashi huwaka. Ukizidisha kasi, pazia la pili huwa limeshaanza safari, na ule mkanda mweusi ndilo lenyewe. Triga za bei nafuu huchelewa kidogo, hivyo jaribu 1/160.

Ninawezaje kuwagandisha wapiga ngoma wanaporuka?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana ngoma yetu, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, hupigwa picha nyingi na chache ndizo zinazoitendea haki. Wengi hukimbilia kupandisha kasi ya shata. Usiku au ukumbini, kinachogandisha mruko ni mwako wenyewe. Flashi ndogo ikiwaka kwa nguvu zote, mwako hudumu kiasi kwamba mkono unaokwenda kasi unaacha ukungu. Ishushe hadi 1/32, na mwako unakuwa mfupi kuliko 1/5000 ya sekunde. Fimbo ya ngoma husimama hewani. Nguvu hiyo ni ndogo, kwa hiyo sogeza flashi karibu na upandishe ISO hadi 800 au zaidi, shata ikibaki 1/200 ili taa za ukumbi zisiingilie.

Tumia flashi mbili, moja kwenye kila ncha ya nusu duara ya wapiga ngoma, nyuma kidogo ya safu, ili mwanga ukate ukingo wa mabega na wa ngoma. Ipe moja kundi A na nyingine kundi B, uzirekebishe kutoka kwenye triga bila kukatiza mbele ya wapigaji. Nawaomba sana: msimlenge machoni yule anayeruka mbele ya inkiranya, ngoma ya katikati. Lazima aone anapotua.

Ufukweni Saga saa kumi alasiri, jua linanishinda.

Fanya hesabu. Kwa ISO 100 na 1/200, jua kali linahitaji f/11. Wewe unataka f/2.8 ili mandhari ya nyuma ilainike, basi shata lazima ifike 1/3200. Hali ya HSS ya flashi inakubali kasi hiyo, lakini kwa kutoa mfululizo wa mimweko midogo, hivyo nguvu hupungua sana. Isogeze flashi karibu na maharusi, kama mita moja. Njia nyingine ni kuvisha lenzi kioo cheusi cha kupunguza mwanga na kubaki 1/200.

Mimi husubiri. Hapa jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, tena hutangulia kujificha nyuma ya milima ya Kongo, na giza huingia upesi. Katika dakika zile chache flashi ndogo inatosha. Jaribu taa zako kabla maharusi hawajafika.

Nimerithi flashi ya zamani. Naweza kuifunga kwenye triga?

Pima kwanza volti zake. Baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguso wake, na zinaweza kuunguza triga au kamera.

Ukumbini flashi yangu huwaka yenyewe, kisha nikiihitaji haiwaki.

Triga nyingi hutumia gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi, na mawimbi hayo humezwa na maji yaliyomo miilini mwa watu. Inua flashi juu ya vichwa vya wageni. Ikiwa karibu mno na triga pia inaweza kugoma. Godox XPro ina mpangilio wa mita 0 hadi 30 kwa ajili hiyo. Betri zichaji mapema, umeme usije ukakatika usiku wa kuamkia harusi.

Lakini kuwaka yenyewe ni suala la chaneli. Katika ukumbi mmoja wa Rohero niliikosa picha ya pete kwa sababu triga ya mwenzangu ilikuwa imeiwasha flashi yangu sekunde moja kabla, nayo ilikuwa bado ikijichaji. Picha ile hairudiwi. Triga nyingi za Godox zina chaneli 32, na za karibuni zina pia namba ya utambulisho, 1 hadi 99. Jumamosi hii, kabla maharusi hawajaingia, wafuate wapiga picha wenzako mmoja mmoja, mgawane chaneli.