Siri ya mteja ndiyo nguzo ya ushauri nasaha

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Hata hivyo, mtu mwenye dhiki ya moyo huwa na sababu za kuificha. Huchelea kuchekwa, kutangazwa mtaani au kuitwa mwendawazimu. Hata akipiga moyo konde akaenda kwa mwanasaikolojia, jambo la kwanza analotaka kujua si kiasi cha masomo ya mtaalamu huyo. Hutaka kujua iwapo anaweza kumwamini.

Imani hiyo haiji kwa bahati. Hujengwa, na juma hili tutaeleza namna inavyojengwa.

Mwaka wa 1957, Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba mteja hupata nafuu anapokutana na mtu mwenye sifa fulani. Kati ya hizo, tatu ndizo zinazofundishwa zaidi: awe mkweli bila kujifanya, amheshimu mteja bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama mteja mwenyewe anavyoyaona. Mwaka wa 1979, Edward Bordin, pia wa Marekani, aliongeza kwamba wawili hao wanapaswa kukubaliana kuhusu lengo lao na kazi watakayofanya ili kulifikia, huku wakiaminiana.

Siku ya kwanza

Mtaalamu mwema haanzi kwa kuchimba siri. Huanza kwa kueleza kazi yake, muda wa kila kikao (kwa kawaida kama dakika 50), malipo, na jinsi atakavyohifadhi anayoyaandika. Kisha hueleza mipaka ya siri. Anaweza kusema: "Mama, utakayonieleza hayatafika kwa mumeo wala kwa jirani. Lakini nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, au kuna mtoto anayedhulumiwa, itabidi nitafute msaada. Mahakama pia inaweza kunitaka nitoe habari."

Huenda msomaji akauliza: je, maneno hayo hayatamtisha mteja? Tuseme kijana aliyefutwa kazi amemweleza mshauri kwamba anafikiria kujiua. Mshauri akimpigia simu kaka yake kwa ghafla, ilhali alikuwa ameahidi kutunza kila siri, kijana ataona amesalitiwa na huenda asirudi tena. Lakini kama alielezwa mapema, mshauri ataweza kumwuliza waziwazi: "Ungependa tumwite nani?" Hivyo kijana anashiriki katika kuyaokoa maisha yake. Ahadi ndogo inayotimizwa ina faida kuliko ahadi kubwa inayovunjwa.

Hapa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayeogopa polisi hawezi kufungua moyo wake kwa urahisi.

Kusikiliza kabla ya kushauri

Wengi wetu tukielezwa shida hukimbilia kusema, "Vumilia, hata mimi yalinipata." Mwanasaikolojia hujizuia. Husikiliza, halafu hurudia kwa maneno yake aliyoyaelewa ili mteja amsahihishe. Mteja akinyamaza au akilia, hamharakishi.

Mipaka ya uhusiano

Mtaalamu si rafiki wa kawaida. Hamkopeshi mteja pesa, hafanyi biashara naye, na kamwe hafanyi mapenzi naye. Pia huepuka kumhudumia jamaa yake. Mipaka hii humkinga mteja, kwa sababu aliyeeleza udhaifu wake wote ni rahisi kudhulumiwa.

Hata kukiwa na mipaka, kutoelewana hutokea. Mteja akianza kuchelewa au kujibu kwa mkato, mtaalamu humwuliza kwa upole kama kuna neno lililomchoma. Akiwa amekosea, hukubali. Uhusiano uliotengenezwa hivyo mara nyingi hupata nguvu zaidi.

Haki zako

Tangu mwaka wa 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia. Kwa hivyo, usione haya kuuliza mambo haya:

1. Umesomea wapi, na je, umesajiliwa?
2. Nani ataona yale unayoandika kunihusu?
3. Ni wakati gani utalazimika kutoa siri yangu?
4. Nisiporidhika, naweza kwenda kwa mwingine?

Mtaalamu anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukupa jibu.

Na iwapo wewe au jamaa yako ana mawazo ya kujiua, msingoje siku ya miadi. Nendeni katika hospitali iliyo karibu mara moja, na mgonjwa asiachwe peke yake.